Vitambaa Vyekundu vya Kijitoni

Wiki nzima fundi cherehani alikata vitambaa vyekundu, akavifunga kwenye vijiti na kuvichomeka kijitoni, kila mahali ambapo samaki aina ya trauti walikuwa wametaga chini ya changarawe, ili mtu asiyakanyage mayai. Yeye na wenzake wa kikundi cha kujitolea walikuwa wamehangaika miaka mitatu kuwarudisha samaki hao.

Jumamosi alifika kijitoni. Wenzake wote walikuwa wamesimama majini na mabuti yao, wakipigwa picha, na hakukuwa na kitambaa hata kimoja.

“Shemeji, vitambaa vyangu viko wapi?” alimuuliza mwenyekiti, mdogo wa mumewe.

“Vilikuwa vinaharibu picha. Tutavirudisha sasa hivi.”

“Utavirudisha wapi?”

Mwenyekiti akatazama chini. Changarawe yote ilikuwa imevurugwa.

“Miaka mitatu, shemeji, halafu unaniletea habari za picha. Hebu inua mguu.”

Akauinua. Fundi aliingia majini na viatu vyake, akachota changarawe palepale na kummiminia kiganjani. Mayai yaliyopasuka yakamchuruzikia vidoleni.

“Haya,” fundi akamwambia mpiga picha. “Mpige sasa. Shemeji, tabasamu.”