Mwana wa Pekee Bustanini

Pan Suzhen alifika Chengdu akiwa amejifunga mdomo kwa kiapo. Binti yake, Peipei, alimwambia kwenye simu bila kupindisha maneno: "Njoo Mama, ulale kwangu, ule ushibe. Ila ukitamka neno 'mume' hata mara moja, Mwaka Mpya huu nao utanisubiri bure."

Huu nao, kwa sababu ilikuwa miaka miwili binti hajakanyaga nyumbani kwao Wenzhou. Aliyelikoroga alikuwa Suzhen mwenyewe. Aliwaalika mshenga, kijana na mama wa kijana kwenye karamu ya kuukaribisha mwaka, na yule mama, kabla samaki hajaguswa, akamsimamisha Peipei kwenye mlango wa friji ili ampime urefu. Peipei alibeba begi lake akaondoka. Tangu hapo Suzhen hula karamu hiyo peke yake, na chakula cha peke yako hakishuki.

Jumapili ile mambo yalikwenda vizuri mpaka akaingiwa na hofu. Peipei, ambaye kanisa amelizoea kama paka alivyozoea kuoga, alimsindikiza mama yake ibadani, akakaa mpaka mwisho, akaimba hata nyimbo asizozijua. Suzhen hakuambulia kitu kwenye mahubiri isipokuwa "amina", maana Kichina cha Chengdu na cha Wenzhou ni ndugu wasiosalimiana. Walipotoka kulikuwa na manyunyu. Mzee wa kanisa aliyesimama mlangoni akawaazima mwavuli mkubwa mweupe wenye maandishi mekundu. Suzhen hakuyasoma, ila alijua kwamba mwavuli wa kanisa hauwezi kumtaja mwingine isipokuwa Yesu. Miwani aliiacha kitandani kwa Peipei.

Waliingia bustanini wakitembea pole pole. Watu walikuwa wanakunywa chai kwenye viti vya mwanzi, wasafisha masikio wa kulipwa wakipita wakigonga vyuma vyao vya kulialia kuita wateja, na bibi wenye magoti mabovu wakicheza ngoma kama hawana magoti kabisa. Mvua ikakatika. Viatu vipya vikaanza kumtafuna Suzhen vidole. Aibu gani hii, mtu atoke Wenzhou, mji wa mafundi viatu, halafu achechemee!

"Kaa hapa Mama," Peipei akasema. "Nikakununulie chapati za mayai. Foleni ndefu, usiondoke."

Suzhen akakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua. Mbele yake aliona miavuli mingi imefunguliwa na kupangwa chini, kila mmoja umebandikwa karatasi. Watu wa Chengdu wana akili, akawaza, wanaanika miavuli yao pamoja. Naye akaufungua wake, akauweka mwisho wa mstari.

Masikini Suzhen. Pale ni mahali ambapo wazazi wenye watoto wasiooa wala kuolewa hukusanyika kila Jumapili, wakabandika kwenye mwavuli umri wa mtoto, urefu wake na mshahara wake, kisha wakakaa nyuma yake kama wauza nyanya. Na mwavuli wa kanisa ulikuwa umeandikwa: MWANA WA PEKEE, AMETOLEWA KWA AJILI YAKO. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi nyumba iliruhusiwa mtoto mmoja tu, "mwana wa pekee" ni neno la Injili na ni neno la ofisi ya serikali, herufi kwa herufi.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mnene mwenye kipaza sauti cha kuzaliwa nacho, Bibi Tang.

"Dada, huyu ni wako?" akauliza akiuonyesha mwavuli, kwa Kichina cha redioni ambacho hata mgeni hukielewa.

Suzhen alifurahi. Kumbe mama huyu alikuwa ameyasoma maandishi ya mwavuli, tena ni mtu mwenye kiu ya Neno! "Ni wangu, na ni wako pia ukimtaka. Ni wa wote."

"Wa wote tena?" Bibi Tang akacheka; kwa lafudhi alishajua mgeni katokea wapi. "Wenzhou nyie biashara iko damuni. Ana miaka mingapi?"

"Alipoondoka alikuwa na thelathini na mitatu."

"Kaondoka kwenda wapi?"

"Yuko kwa Baba yake. Lakini atarudi."

"Lini?"

"Hakuna aijuaye siku wala saa."

"Hao ndio watoto walio ng'ambo," akadakia mzee mwenye kofia. "Wangu yuko Kanada, ni hivyo hivyo. Kazi yake?"

"Seremala."

Watu wakapoa. Wawili waliondoka.

"Seremala!" Bibi Tang akavuta mdomo. "Shule je?"

"Shule? Akiwa mtoto tu wa miaka kumi na miwili, walimu wazima walikaa wakamsikiliza, wakabaki midomo wazi."

"Na nyumba?"

"Nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi."

Wawili walioondoka wakarudi.

"Mengi mangapi, dada yangu?"

"Nani awezaye kuyahesabu?"

"Na mama mkwe?" aliuliza mwanamke mmoja kwa nyuma, na sauti yake ilionyesha kwamba alishawahi kuumizwa. "Ni mkali?"

"Mariamu? Hajawahi kumwinulia mtu sauti."

"Pombe?" akauliza mzee wa kofia.

"Aligeuza maji yakawa divai, lakini ilikuwa harusini."

"Ana kiwanda cha divai!" habari ikapokezwa nyuma. Watu wakasukumana. Mtu akamshikisha Suzhen picha ya binti yake, mwingine akamtia mkono mfukoni akamwachia namba ya simu. Suzhen alitokwa na machozi ya furaha. Huko kwao hawajawahi kuokoka wengi kiasi hiki kwa mpigo.

"Mama!"

Peipei alikuwa amesimama na chapati za moto mkononi, akitazama mwavuli, umati, na picha za wasichana mapajani mwa mama yake. Yeye alipajua pale ni wapi. "Umeniuza? Kwa foleni moja tu ya chapati!"

"Nimekuuza wapi?" Suzhen akageuka, akaiona miavuli, akaziona zile picha, na ndipo akili ikamrudia. "Ala! Si wewe! Naapa si wewe, ni Yesu!"

"Yesu wa ukoo gani?" akauliza mzee wa kofia.

Mtu akayasoma tena maandishi ya mwavuli kwa sauti, taratibu, na wote wakaguna pamoja. Umati ukamomonyoka huku ukilalamika juu ya divai. Bibi Tang peke yake hakutikisika. Alikuwa anamkagua Peipei kuanzia kichwani hadi kwenye soli.

"Seremala basi tumwache," akasema. "Huyu binti je, ni wako? Mimi nina kijana. Daktari wa macho, mrefu, mpole, nyumba anayo, anapika mwenyewe. Sema neno moja tu."

Suzhen alikuwa ameyaombea hayo yote kwa kufunga, moja moja, pamoja na hilo la kupika. Mungu alikuwa amejibu, tena siku mbaya kuliko zote. Akamtazama Peipei. Uso wa binti ulikuwa umekwisha kufungwa.

"Simjui," akasema Suzhen.

"Humjui? Si amekuita Mama?"

"Vijana wa siku hizi humwita kila mtu mama."

"Mna pua moja!"

"Pua ni pua. Nimekwambia, simjui mtu huyu!"

Alipoyasikia maneno hayo yakimtoka alikumbuka ni mwanafunzi gani aliyeyasema kabla yake, akimkana Yesu uani kwa kuhani mkuu, na moyo ukamuuma. Lakini hakuyarudisha.

Bibi Tang akamgeukia Peipei. "Haya, mwanangu, sema wewe. Huyu mama ni nani wako?"

Peipei alimtazama mama yake, jinsi alivyokaa amekunja vidole vyake vilivyovimba, midomo imebanwa kama mtu aliyekatazwa kutema.

"Hata mimi simjui," akasema. "Lakini Mwaka Mpya ninakwenda kwake."

Suzhen akaangua kilio pale pale, mbele za watu. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mahali pale akina mama hulia kila Jumapili.