Kikombe cha Jaifar

Jaifar alipokuja na wazee wake kuniposa, kikombe chake cha kahawa kilibaki zuliani, hakukigusa. Ndiyo desturi yetu: mwenye haja hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie kunywa, na akishaambiwa, haja imekubaliwa. Mimi na shangazi Mahbuba tulikuwa nyuma ya mlango, sebule yetu ya mtaa wa Mabela imejaa makanzu, na roho yangu yote ilikuwa kwenye kile kikombe.

Baba alisoma Bujumbura kwa mapadri wa Kibelgiji. Aliposikia mchumba amesoma Paris, furaha ilimzidi. Kifaransa chake ni cha kule: chakula cha mchana hukiita kwa jina ambalo Paris ni la chakula cha usiku, na tisini kwake ni "nonante", wakati Paris huhesabu ishirini nne na kumi juu. Nimelelewa kwa Kifaransa hicho na sijakionea haya hata siku moja.

Basi akawa anamhadithia Jaifar, kwa Kifaransa, walivyoondoka Burundi. Alipofika kwenye mwaka akasema, "Nonante-trois," yaani tisini na tatu. Mjuaji wangu akamkatiza, tena kwa Kiswahili ili wazee wote wasikie.

"Ami, Wafaransa hawasemi hivyo. Hayo ya Wabelgiji."

Akamtajia ya Paris, polepole, kama anayemsomesha mtoto.

Shangazi alinifinya mkono. Nilitamani kutoka nimpige Jaifar kwa dele la kahawa, na bado nilikuwa nampenda, hilo ndilo lililoniuma. Baba yake mzazi aliinamisha kichwa. Hata halua hakuna aliyeigusa.

"Mwaka huo nlimzika mamangu," baba akasema mwishowe. "Siku ya pili yake tukakimbia. Kaburi lake sijaliona tena. Tokea hapo mwaka ule nnautaja hivyo hivyo."

Nikajua yamekwisha. Baba akikasirika harudi nyuma.

Jaifar hakujitetea. Aliuliza, "Jina lake nani, ami?"

"Jawaher."

"Bibi Jawaher," Jaifar akasema. "Nonante-trois. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Wazee wakaitikia amin. Baba akakichukua kile kikombe, akaimwaga kahawa iliyopoa, akamimina ya moto na kumtia mkononi.

"Kunywa, mwanangu."

Shangazi alitaka kupiga kigelegele. Nikamziba mdomo, maana nilitaka kwanza nimsikie akinywa.