Mkono wa Kushoto wa Mama Rose

Sista Esther aliinua bomba la sindano juu kidogo, na uji mwepesi wa mtama ukateremka kwenye mpira, ukaingia puani mwa Dominika, ukashuka tumboni. Ladha hakuipata. Alipata uvuguvugu tu kifuani, akashukuru.

Wiki ya tatu sasa tangu kiharusi kimwangushe kwenye mikorosho yake kule Mnyambe. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukafa, koo likasahau kumeza. Masikio yalibaki mazima, na heri yangekufa nayo, maana kila lililosemwa juu ya kitanda kile alilisikia.

Alichotaka kilikuwa kidogo: miezi miwili. Mjukuu wake Upendo alikuwa unyagoni, na siku ya kutoka alitaka ampokee yeye, bibi mzaa mama, amfunge kanga mpya kwa mkono wake. Zamani, Dominika mwenyewe alipokewa na jirani kwa sababu bibi yake alikuwa ameshazikwa. Ule upweke hakuusahau mpaka leo. Kwa miezi miwili hiyo angekubali kulishwa hata kwa sikio.

Daktari Walter aliingia na Mzee Anselmo, kaka wa Dominika. Rose, binti wa Dominika, alisimama akampisha mjomba wake kiti. Kwao ya mgonjwa husemwa na kaka wa tumbo moja, na watoto husikiliza.

"Mzee, mama hawezi kuendelea kukaa hapa," alisema daktari. "Wodi imejaa, wengine wanalala chini. Akienda nyumbani na mpira, alishwe mara sita kwa siku. Maji ya kuchemsha, vyombo visafi. Mpira ukiharibika mtafute wenyewe. Siku hizi ni kuchangia, serikali haigawi tena."

"Maji yapi, daktari? Sisi ndoo moja tunaifuata bondeni, unakwenda alfajiri unarudi jua la utosi."

"Ndiyo maana nakuuliza: aende na mpira, au tuutoe?"

Anselmo alimtazama dada yake kwa huruma ya kweli. "Huyu namjua mimi. Akiugua homa anajipikia mwenyewe. Hajawahi kulishwa na mtu tangu aachishwe ziwa. Kumwekea mpira puani mbele za watu ni kumvua nguo. Hawezi kuutaka."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hapo ndipo Dominika alipoumia. Kaka yake alimjua vizuri, ila alimjua yule wa kabla ya kiharusi.

"Mjomba," alisema Rose, "mama anamngoja Upendo."

"Umeulizwa?"

Rose akainama.

Dominika alikusanya nguvu zote zilizobaki mwilini mwake, akazipeleka kwenye mkono wa kushoto. Mkono ukapanda, ukafika puani, ukaukamata mpira. Akaushika kwa vidole vyote vitano ili asiwepo wa kumnyang'anya.

"Mnaona?" alisema daktari taratibu. "Anauvuta. Mwenyewe ameshaamua."

"Nilisema," alisema Anselmo, na machozi yakamtoka mzee wa watu.

Dominika akakaza zaidi. Kadiri alivyokaza ndivyo walivyozidi kusadiki. Sista Esther akaja akambembeleza, akamfungua kidole kimoja kimoja. "Polepole, mama yangu, usijiumize. Nautoa mimi." Mpira ukatoka wote, mrefu, na uji kidogo ukadondokea shukani.

Daktari aliandika kwenye faili, kisha akasoma kwa sauti, kwa haki kabisa: "Mgonjwa amekataa mwenyewe kulishwa kwa mpira. Ndugu wameafiki." Anselmo hakujua kuandika. Akamsogezea Rose kalamu.

Rose alimtazama mama yake machoni, muda mrefu. Dominika akayakodoa macho yake, akamwambia kwa macho hayo kila kitu, hakubakiza.

"Andika, mwanangu," alisema mjomba. "Daktari ana wagonjwa wengine."

Rose akaandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri wa shule.