Tapeti Siku ya Mtakatifu Nikola

Mkanda wa taimingi ulipokatika, pistoni zilizigonga valvu nne zikapinda. Milutin aliinama juu ya gari la baba yake mpaka mgongo ukamkataa, akabadilisha valvu, akafunga mkanda mpya. Mzee Radoje hakusema hata ahsante. Alisema tu, "Linagonga."

Na kweli lilikuwa linagonga. Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao, walipoupeleka mkate kanisani ukabarikiwe, lilikwenda tak-tak-tak kijiji kizima, majirani wakachungulia madirishani. Milutin alijua ni nini. Valvu ni mpya, na tapeti moja, kile kipande kinachoisukuma valvu, imelegea. Kazi ndogo. Lakini siku hiyo hakuna Mserbia mwenye akili zake anayeshika spana. Mshumaa unawaka, wageni wanakula samaki na maharage, basi.

Angengoja kesho, kama si Vladeta.

Vladeta, mdogo wake, alikuwa amefika jana yake kutoka Ujerumani na koti la ngozi. Baba alimketisha upande wake wa kulia, akamchagulia kipande kinono cha samaki. Milutin, ambaye ndiye anayempasulia mzee kuni mwaka mzima, aliachiwa kiti cha mlangoni, penye baridi. Kila alipomwona baba akimpapasa Vladeta begani, kwa wivu aliisukuma sahani yake mbali kidogo.

Vladeta alikuwa ameurekodi ule mlio kwa simu, akawatumia wenzake wa gereji. Jibu likaja supu haijapoa.

"Ni beringi za chini, Baba. Injini imekufa. Nitakutumia nyingine."

"Mmesikia?" Mzee aliwageukia wageni, machozi yanamlenga. "Mwanangu ananiletea injini!"

"Beringi wapi?" Milutin akasema. "Hiyo tapeti."

"Si wewe uliyeitengeneza?" shangazi Desanka akadakia. "Basi kula unyamaze."

Meza nzima ikacheka. Milutin akainuka na shati lake jeupe la sikukuu, akatoka uani. Alitaka kitu kimoja tu: baba aseme, mbele ya watu wote, kwamba kazi yake ni nzuri.

Aliwasha gari, akachomoa waya wa plagi, akaurudisha, akachomoa mwingine. Kama ni beringi, mlio ungefifia kwenye mmojawapo. Haukufifia. Akaegemeza bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni. Mlio ulikuwa juu, palepale alipojua. Akazima, akaanza kufungua kifuniko.

"Kaka, leo?" Vladeta alikuwa amemfuata. "Mzee atakutoa roho!"

"Shika hizi nati, mzungumzaji we."

Vladeta akazipokea. Kifuniko kilipotoka, akaitikisa tapeti kwa kidole, ikacheza kama jino bovu. "Kweli," akasema taratibu. "Tulikosea."

Milutin akapima nafasi kwa kibati chembamba, akaikaza, akafunga. "Haya, washa."

Vladeta akaketi penye usukani, akawasha. Mlio haukuwepo. Wageni wakatoka na glasi zao za rakija, mzee mbele, akamkuta Vladeta ndani ya gari.

"Mnaona mkono wa fundi!" akapaza sauti. "Hata hajapumzika, gari limepona!"

"Baba, si mimi. Ni Milutin. Mimi ndiye niliyekosea."

Mzee akaingiza kichwa dirishani, akambusu kwenye paji la uso. "Na moyo wake ulivyo mwema! Hataki kumwaibisha kaka yake." Kisha akaigeukia ile mikono iliyojaa oili. "Na wewe, Milutin, uchafu huo siku ya mtakatifu? Huna haya?"

Vladeta alifungua mdomo tena, lakini wageni walikuwa wameshamzunguka kumpongeza. Milutin alimtazama. Laiti mdogo wake angejipachika sifa hizo, yeye angalau angepata sababu ya kumchukia. Akaenda kunawa bombani, maji baridi ya Desemba, na nyuma yake injini ikaendelea kuzunguka bila kugonga huku mzee akimsimulia Desanka jinsi Vladeta alivyoitengeneza.