Ruhusa ya Msiba

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakuwahi kulala chumba kimoja na runinga.

Mwaka wa tisini na sita Ngosha alipata faida kwenye biashara ya mabondo, vile vibofu vya tumboni mwa sangara, akanunua runinga pamoja na deki yake ya video, na chumba chao cha Kirumba, Mwanza, kikageuka ukumbi. Mkewe, Modesta, alifanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, zamu ya usiku, amesimama na kisu kwenye baridi mpaka kunakucha. Akirudi anakuta majirani wameshajaa mkekani wanatazama karate, na kitanda ni kile kile, nyuma ya pazia. Kila aliyeingia alimwamkia kwa adabu, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba, usingizi ukaruka. Umeme ulipokatika alimshukuru Mungu. Ngosha akaleta betri ya gari.

Alimwomba mumewe wazime japo asubuhi. Ngosha akasema kufukuza watu ni roho mbaya, na kwani yeye si analala tu? Kwa Ngosha, aliyefumba macho amepumzika. Mjinga yule. Kiwandani Modesta akaanza kusinzia wima, kisu kikamchana kiganja. Alipoomba likizo, msimamizi alimjibu kuwa ruhusa ni ya msiba tu.

Mwezi wa nane mama yake akafariki huko kwao, Misungwi.

Modesta alimpenda mama yake, hilo mtu asilitilie shaka. Lakini mfiwa hapiki, hachoti maji, hatumwi. Anakaa mkekani, na watu wanashusha sauti kwa ajili yake. Aliegemea ukuta ili alie, na badala ya kilio ukaja usingizi. Alilala fofofo. Alilala nyimbo zikiimbwa, alilala sala zikisaliwa. Wakamwamsha akazike, akazika, akarudi mkekani akalala tena. Wanawake wakaanza kunong'ona. Shangazi yake, Sabina, akawakatiza.

"Mwacheni. Uchungu umemzidi."

Hakuwa na uchungu. Alikuwa na raha ambayo hakuionja tangu runinga iingie nyumbani, na kwa aibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakumtolea mama yake hata chozi.

Matanga yalipoanuliwa alifunga mzigo wake. Baba yake, mzee Machibya, alimsindikiza hadi barabarani, akisimama kila baada ya hatua chache kukohoa. Alikuwa amekonda, shati linampwaya.

"Utakuja lini tena, mwanangu?"

Modesta alitaka kumdanganya kwamba Krismasi, akainama kukaza fundo la mzigo. Alijua ruhusa nyingine atapewa kwa jambo gani. Mzee akakohoa tena, kikohozi kirefu cha ndani, na Modesta akajikuta anakisikiliza kwa makini, moyo wake umetulia.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mzee akadhani anamlilia mama yake. Akamshika bega, akamwambia anyamaze, mama amepumzika.