Ukuta Uliotoa Tumbo

Deodata, mpishi wa shule, alijua jambo moja ambalo Katibu wa kijiji hakulijua: debe la maharage makavu ukililoweka jioni, asubuhi unakuta madebe mawili na ziada. Alikuwa akiwapikia watoto tangu mwaka ule watu walipotolewa kwenye migomba yao na kujengeshwa nyumba za mistari kando ya barabara ya Nyakisasa. Kwa maharage, huyo mama hakuhitaji mwalimu.

Katibu Gozbert naye alipenda sifa kupita kiasi. Vita vilipotimiza miezi mitano, wilaya ikataka chakula cha askari, lakini magunia hayakuletwa. Katibu akasema magunia ya nini, gunia na gunia huachiana nafasi bure, maharage yakimwagwa yanaingia kila pembe. Na kweli bwana, ghala la magunia sitini likameza mzigo wa themanini, hadi chini ya mabati. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuta zile ni za matofali mabichi, na kwamba ukuta mmoja ndio uliotenga ghala na kijichumba cha majembe. Humo kwenye majembe ndimo alimofungiwa Privatus, mume wa Deodata, kwa kosa la kuficha madebe mawili ya mbegu. Katibu alitia kufuli, akaweka funguo mfukoni, akaenda Ngara kupokea lori la jeshi.

Nyuma yake upepo ukanyanyua bati la ghala, na mvua ya Machi ikanyesha humo siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu Deodata alipeleka uji. Alipochungulia kidirishani aliona ukuta wa ndani umetoa tumbo kama mama wa miezi minane. Privatus alimwambia kwamba usiku wote ukuta ulikuwa ukilia, na vumbi lilikuwa likimwangukia shingoni. Chumba chenyewe hakikuwa na pa kukimbilia. Ukinyoosha miguu, nyayo zinagusa mlango.

Deodata akamwendea Anatory, mgambo mwenye masharubu aliyekaa zamu, akamwomba wavunje kufuli. Anatory akacheka. Maharage yavunje ukuta? Hizo si ndizo mboga anazokula kila siku?

Mama huyo hakubishana naye. Alichukua chupa ya dawa, akaijaza maharage makavu, akaitikisa yakashuka, akaongeza tena mpaka ikakataa. Kisha akamimina maji, nayo chupa iliyokuwa imejaa ikayapokea hivi hivi, yakapita kati ya punje na punje. Akagongomea kizibo cha mti, akakifunga kwa waya. Chupa akaiweka juu ya kigoda mbele ya Anatory, akamwambia aitazame tu.

Anatory aliitazama kwa dhihaka hadi saa nne, kisha dhihaka ikamwisha. Punje zilikuwa zimebanana, zimebandika nyuso kwenye kioo, hakuna hata moja inayogeuka. Mvua ilikuwa haijakatika. Saa saba na kitu chupa ilipasuka yenyewe, bila kuguswa na mtu, na kipande kimoja kikamkata Anatory kidole. Alisimama akikifunga kidole chake kitambaa.

Sasa Anatory mwenyewe ndiye aliyetaka kuvunja kufuli. Aliyekataa, jamani, ni Privatus. Alisema akitoka bila Katibu ataitwa mtoro, na wakati wa vita vile mtoro hakuwa na wa kumtetea. Deodata alimbembeleza, akamtukana, akamtajia binti yao Bonifasia. Kichwa ngumu yule mwanamume, alijibanza pale pale mlangoni.

Basi Deodata akachukua jembe lake la nyumbani, akazunguka nyuma ya ghala. Alijua anachokwenda kufanya kinaitwa hujuma. Alijua pia kwamba maharage yaliyokwisha kunywa maji lazima yapate pa kwenda, na yeye ndiye wa kuyapa njia. Alitoboa ukuta wa nje chini kabisa. Anatory akageuka, akajifanya anatazama mvua. Pigo la saba ukuta ukaachia, na maharage yakatoka kwa kishindo yakamfika magotini, yamevimba na kunuka uchachu. Kidirishani Privatus akapaza sauti kwamba ukuta umenyamaza.

Hapo ndipo lori lilipoingia. Katibu alishuka, akatazama chakula cha askari kwenye matope, akatazama mwanamke mwenye jembe.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Deodata akasema. "Ukuta ulikuwa unamwangukia mume wangu."

Katibu hakutaka kusikia habari za ukuta. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, akaona wakati anao. Aliamuru tundu lizibwe kwa mbao na maharage yote yarudishwe ghalani kwa juu, yamwagwe yashindiliwe, isipotee hata punje. Akafungua kijichumba, akamtoa Privatus, akamtupia koleo. Deodata akasukumwa ndani badala yake.

Aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa baridi, umelowa, na chini ya kiganja kitu kilikuwa kinasogea polepole. Nje alisikia nyundo zikipiga mbao.

Kisha koleo likaanguka chini. Privatus aliingia, akaketi kando yake, mgongo kwenye tumbo la ukuta.

"Mimi nimelala na huu ukuta siku tatu, nausikia," alimwambia Katibu. "Ukimfungia huyu, utufungie wote."

Katibu akampa Anatory kufuli, akamwambia afunge. Anatory alitazama kidole chake kilichofungwa kitambaa, akautazama ukuta, akamrudishia kufuli mkononi.

"Funga mwenyewe, Katibu," alisema. "Lakini kwanza ingia uuguse."

Askari wa lori walikuwa wanatazama. Mvua ikaanza tena juu ya mabati, na Katibu alikuwa bado amesimama mlangoni na kufuli lake.