Mfuko wa Hosiana

Hosiana alikuwa anaosha karoti mtoni, kule Mgeta, ngozi ya chini ya kitovu chake ilipofunguka. Haikutoka damu. Ilifunguka kama mfuko wa gauni, na ndani mlikuwa na joto. Alimalizia karoti zilizobaki, akapanda kilima hadi nyumbani, akamweka mtoto humo.

Mtoto alikuwa wa mdogo wake, Juliana, mfanyakazi wa kiwandani Kihonda. Alikuja kujifungulia nyumbani, akazaa mtoto njiti, kabla ya siku zake, na baridi ya milimani ilikuwa inammaliza.

"Mchukue, dada," Juliana alisema mbele ya mjomba wao, Anselmi. "Awe wako kabisa. Mimi siwezi."

Mjomba, msemaji wa ukoo, akaafiki. Juliana akarudi Kihonda.

Muuguzi wa zahanati aliuchungulia mfuko, akasema wapo wanyama wanaolea hivyo. Hosiana asipake mafuta wala asivae mkanda. Jirani yake Mikidadi, mtegaji wa panya buku, alisema hata buku hujaza mbegu mashavuni na asimeze hata moja mpaka afike shimoni.

"Kubeba ni kazi nyingine na kula ni nyingine," alisema.

Hosiana alimwita mtoto Winfrida. Alimnywesha maziwa ya mbuzi na kulima naye. Mvua ikianza, mdomo wa mfuko ulijikaza wenyewe. Winfrida akanenepa, akaota meno, akawa anatoa kichwa nje na kuwafokea kuku. Neno lake la kwanza lilikuwa mama, na alilisema akimtazama Hosiana.

Kisha Juliana akaja na mjomba. Barabarani, lori la mboga lilikuwa linapakia kabichi.

"Niazime kidogo, dada, nione uzito wake."

Hosiana akamtoa mtoto, akamfuta shavu, akampa. Akaingia jikoni kuwachemshia wageni chai. Alipotoka na sinia, lori lilikuwa linateremka na mjomba amekaa peke yake.

"Wameenda wapi?"

"Mjini. Juliana ameposwa. Mwanamume anamtaka pamoja na mtoto wake."

"Alisema mbele yako, mjomba. Awe wangu kabisa."

"Ninavyokumbuka, alisema umtunze." Akachukua kikombe. "Na umemtunza vizuri. Huo mfuko utaziba tu."

Hosiana akamwongezea sukari, kwa sababu alikuwa mjomba. Kisha akashuka hadi barabarani, akakuta majani ya kabichi yaliyodondoka. Kuibiwa angeweza kuvumilia. Kilichomkaa rohoni ni kwamba alimtoa kwa mikono yake mwenyewe.

Mfuko haukuziba. Wanawake wa sokoni walimshauri aweke simu humo. Hakuweka kitu.

Siku ya harusi, mjini Morogoro, walimpa kiti cha nyuma. Juliana alimletea Winfrida, amevaa gauni jeupe na viatu vinavyolia.

"Msalimie mama mkubwa."

Mtoto alimtazama Hosiana, akapenyeza mkono chini ya kitenge chake, akauzamisha mfukoni hadi kwenye kiwiko, akatulia. Juliana akauvuta ule mkono taratibu, akaufuta kwa leso.

"Acha tabia mbaya. Salimia."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," Hosiana akaitikia, na sahani za pilau zikaanza kupitishwa.